Asali Ina Wazazi Wawili: Njia Saba za Kuamua Ugomvi wa Methodi

Leo kesi yetu inahusu ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali na kupandishwa kwenye mzani, itasoma kilo 28 hivi, kwa kuwa lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4. Sasa kijana mmoja anaandikia kikundi cha warina asali programu ya mauzo. Katika ukoo wa klasi zake, babu ni Bidhaa. Chini ya babu kuna wazazi wawili: BidhaaYaUjazo, ambayo methodi yake pima() hutoa lita, na BidhaaYaMzani, ambayo pima() yake hutoa kilo. Anazaliwa Asali, mtoto wa wote wawili, maana asali inamiminika na mzani pia inaupanda. Kijana anaita asali.pima(). Jibu ni 20 au 28?

Ukiuchora ukoo huu, babu juu, wazazi kati, mtoto chini, unapata umbo la almasi, na ndiyo maana watu wa fani wanauita tatizo la almasi. Mgodi wa almasi wa Mwadui si mbali sana na sisi wa Tabora, lakini almasi hii hakuna wa kuinunua. Zifuatazo ni njia saba za kuuamua ugomvi huo, kuanzia ninayoiogopa hadi ninayoipenda.

7. Kupanda kushoto mpaka kwa babu

Klasi za mtindo wa zamani katika Python zilitafuta methodi kwa mzazi wa kushoto, zikapanda moja kwa moja hadi kwa babu, ndipo zikashuka kumuuliza mzazi wa kulia. Tuseme BidhaaYaUjazo haina pima() yake, BidhaaYaMzani inayo, na Bidhaa ina pima() ya jumla inayohesabu vyombo tu. Utafutaji unakosa kushoto, unapanda, unamkuta babu, unaishia hapo. Jibu: ndoo 1. Mzazi wa kulia alikuwa na kilo zake mkononi na hakuna aliyemwita! Babu, shikamoo, lakini hapa ulipaswa kumwacha mwanao aseme kwanza.

Nimeiweka mkiani kwa sababu moja: haipigi kelele. Kosa linalozimisha programu hurekebishwa siku hiyohiyo. Kosa la kimya hulipwa na mrina asali msimu mzima, na yeye hajui hata kwamba kuna kitu kinaitwa klasi.

6. Kufunika bila kujua

Huu si ugomvi wa wazazi wawili, ila ni wa ukoo huohuo. Unadhani umeandika methodi mpya, kumbe umeifunika ya mzazi. Au unadhani umeifunika, kumbe umekosea herufi moja na ya mzazi bado inafanya kazi. Java ilileta alama ya @Override katika toleo la 5, mwaka 2004, na C++ ikaongeza neno override mwaka 2011. Ni neno moja tu, na kompaila inakuwa shahidi wako. Liandike kila mara. Halina ushuru.

5. Kuwabadilisha majina

Bertrand Meyer, aliyebuni lugha ya Eiffel, alilitazama tatizo hili kwa utulivu: wawili wakigombea jina, mmoja apewe jina jingine. Ukirithi kutoka pande mbili, unatangaza kwamba pima() ya huku sasa ni pimaLita na ya kule ni pimaKilo. PHP nayo, tangu toleo la 5.4 la mwaka 2012, ina treiti, yaani vifurushi vya methodi vinavyochomekwa kwenye klasi, na neno insteadof la kusema nani achukuliwe badala ya nani, na neno as la kumpa aliyeachwa jina lake ili naye asipotee.

Kwa asali, njia hii inasema kweli kuliko nyingi, kwa sababu lita na kilo zote ni halali na hakuna anayepaswa kufa. Ningeipandisha juu zaidi, ila majina yakizidi, anayeusoma ukoo huo mwaka ujao atahitaji mshenga.

4. Kompaila inagoma

C++ ya Bjarne Stroustrup iliruhusu wazazi wengi katika toleo la 2.0, mwaka 1989. Ukiita pima() na wazazi wote wawili wanayo, haibahatishi. Inakataa kuitafsiri programu mpaka utaje jina kamili, kwa mfano BidhaaYaMzani::pima(). Naupenda ukali huo.

Kuna mtego wake, lakini. Usipoandika neno virtual pale wazazi wanaporithi kutoka Bidhaa, Asali inabeba nakala mbili za babu, kila moja na kumbukumbu zake. Unaandika bei kwenye nakala moja, unaisoma kwenye nyingine. Babu wawili wa sura moja, na kila mmoja anadai wewe ndiye mjukuu wake!

3. Mzazi mmoja, basi

Java ilipotangazwa mwaka 1995 ilifunga mlango: klasi moja, mzazi mmoja. Wengine wote ni intafesi, yaani ahadi za kazi zisizo na kazi yenyewe, na ahadi mbili zinazofanana hazigombani. Amani ikatawala hadi mwaka 2014, Java 8 iliporuhusu intafesi kubeba methodi za msingi, na ugomvi ukarudi kupitia dirisha.

Safari hii ulirudi na sheria. Klasi inaishinda intafesi. Intafesi ya mtoto inaishinda ya mzazi. Zikilingana nguvu, mwandishi analazimika kuandika pima() yake mwenyewe, na akitaka ya mmoja wao anamtaja kwa jina. Wanaoandikia simu za Android kwa Kotlin wanakutana na lazima hiyohiyo. Sheria tatu fupi, zinaingia kichwani kabla chai haijapoa.

2. Foleni inayojulikana mapema

Hapa tukae kidogo, chai nyingine inakuja. Python 2.3, mwaka 2003, ilichukua kanuni iitwayo C3, iliyoandikwa mwaka 1996 kwa ajili ya lugha ya Dylan. Kanuni hiyo huupanga ukoo wote katika foleni moja. Mtoto hutangulia mzazi. Wazazi hubaki katika mpangilio ulioandikwa. Na mpangilio uliokubaliwa juu haupinduliwi chini. Andika Asali.__mro__ utaiona foleni: Asali, BidhaaYaUjazo, BidhaaYaMzani, Bidhaa, kisha object. Babu amerudi nyuma ya wazazi wote wawili, mahali pake. Na kama klasi moja imesema A kabla ya B, nyingine ikasema B kabla ya A, mtoto wa hao wawili haundwi kabisa: Python inatoa TypeError palepale klasi inapotangazwa.

Sisi wa Tabora tunaijua gharama ya kukosa foleni. Desturi ya zamani ya Wanyamwezi ilimpa utemi mtoto wa dada, na katika karne ya 19 ikaanza kuelekea kwa mtoto wa mtemi mwenyewe. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, Mnywa Sele alishika kiti, akakosana na wafanyabiashara Waarabu juu ya ushuru, nao wakamsimika Mkasiwa. Wote wawili wa ukoo, wote na wafuasi. Msafiri Mwingereza Speke alipopita hapo mwaka 1861 alihangaika kupata wapagazi kwa sababu ya vita vya wawili hao. Kiti kimoja, majibu mawili, na aliyetaka kusafiri tu ndiye aliyekwama.

Basi jifunze kuisoma foleni. super() haimaanishi mzazi wangu. Inamaanisha anayefuata kwenye foleni, na huyo anaweza kuwa ndugu wa mzazi wako. Wanaojenga tovuti kwa Python kupitia Django wanalipa hapa. LoginRequiredMixin, inayomzuia asiyejitambulisha, lazima iandikwe kushoto kwa ListView, inayoonyesha orodha. Ukiiweka kulia, View, babu wa ListView, inalishughulikia ombi bila kumwita aliye nyuma yake, na ukurasa wa hesabu za kikundi unafunguka kwa yeyote. Mlinzi umemwajiri, ukamweka nyuma ya nyumba!

1. Usirithi; miliki

Mwaka 1994 Gamma, Helm, Johnson na Vlissides walishauri katika kitabu chao cha mifumo ya usanifu kwamba kuunganisha vitu kupendelewe kuliko kurithi. Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kubuniwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, umeandikwa kwa Java. Ndani yake Patient hurithi Person, na zamani User naye alirithi Person. Je, nesi akiugua? Ni mtumiaji wa mfumo, ni mgonjwa, na ni mtu mmoja. Java haitaki wazazi wawili, na mtu mmoja hawezi kuwa vitu viwili vya klasi mbili tofauti. Baadaye wakaubadilisha ukoo: User akaacha kuwa Person, akaanza kuwa na Person. Nesi akabaki mmoja, mwenye kadi mbili.

Asali nayo iache kudai wazazi. Ipe kipimo cha ujazo na kipimo cha uzito kama vitu inavyovimiliki, kisha iandikie kwaLita() na kwaKilo(), kila moja ikimwita anayehusika. Ile 1.4 inakaa sehemu moja tu. Asali yenye maji mengi ni nyepesi kidogo, kwa hiyo mzigo ukibadilika unabadilisha namba moja. Na pima() uifute leo, kabla mtu hajaiweka kwenye stakabadhi.