Sare ya Ukoo: Kanuni Tisa za Kuchagua Kitenge cha Harusi

Zipo koo zilizogawanyika kwa ajili ya mashamba, zipo zilizogawanyika kwa ajili ya ng'ombe, na zipo zilizogawanyika kwa sababu katibu aliandika "kijani" wakati kikao kilisema "kijani kilichokolea". Msimu wa harusi ukifika huku Kigoma, Kasulu na Kibondo, mahindi na maharage yakishauzwa na barabara zikishakauka, kamati hukaa kwa mambo mawili makubwa: ukumbi na sare. Ukumbi hupatikana kabla chai haijapoa. Sare hula vikao, vocha na urafiki wa miaka. Kanuni ni hizi, tunahesabu kutoka ile unayoweza kuivunja ukasamehewa hadi ile isiyosameheka.

9. Usiwasingizie mababu

Kila kamati ina mzee mmoja anayesimama na kutamka, "Ukoo wetu rangi yake ni bluu tangu enzi na enzi." Mpeni soda, mumshukuru, aketi. Enzi na enzi, watu wa Buha, nchi ya Waha, walivaa magome ya miti yaliyopondwa mpaka yakalainika, na rangi yake ilikuwa ileile ya magome. Himaya ya Heru ilikuwa na Mwami wake, yaani mtawala, Muhambwe nayo na wake, Buyungu nayo na wake. Heru ikampata hata Mwami mwanamke, Theresa Ntare, aliyeshika kiti mwaka 1946. Hakuna hata mmoja wao aliyeacha daftari la rangi za koo. Ukoo una majina yake, una miiko yake, una madeni yake. Bluu ilikuja na lori.

8. Usiwaonee wivu Waskoti

Mzee akishaketi, husimama kijana mwenye simu janja. Huyu ameona picha za Waskoti harusini, wanaume wazima wamevaa kilti, ile sketi ya mikunjo yenye mirabamiraba, na kila ukoo na miraba yake. "Wenzetu wana utamaduni!" Ni kweli wanao, ila mwulizeni ulianzaje. Mwaka 1746, baada ya uasi, serikali ya London ililipiga marufuku vazi hilo kwa wanaume, na haikuliruhusu tena hadi 1782. Mwaka 1815, Waskoti wenye uwezo waliokuwa na chama chao London wakawaandikia wakuu wa koo walete sampuli za vitambaa vyao vya ukoo. Baadhi ya wakuu wakaanza kuulizana: cha kwetu ni kipi? Wafumaji wa familia ya Wilson, pale Bannockburn, walikuwa wakiuza mitindo mingine kwa namba tu. Baadaye namba zikapewa majina ya koo. Kisha mwaka 1822 mfalme George wa Nne akazuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott akawa ndiye mwenyekiti wa maandalizi, na kila mwenye jina kubwa akakimbilia kwa fundi.

Kwa maneno mengine, kamati, mwenye duka na mgeni rasmi. Kijana aketi naye, soda zipo.

7. Rangi ishindane na barabara

Nyeupe ni rangi nzuri sana kwa watu wanaoishi juu ya lami. Barabara ya kutoka Kidahwe kupita Kasulu na Kibondo hadi Nyakanazi imepata lami kipande kwa kipande, kwa miaka mingi, na ukitoka kwenye lami kuingia kijijini, vumbi jekundu linakusubiri kama ndugu asiyealikwa. Ukoo unaondoka nyumbani mweupe, unafika kanisani rangi ya matofali, na mpiga picha anadhani ndiyo sare.

Halafu kuna baridi. Huku ni juu; asubuhi za Juni na Julai watu hutoka na makoti na masweta. Basi bibi ataketi mbele, sare yake ya gharama imefunikwa na sweta la mtumba lenye jina la shule ya Kanada. Kama mna bajeti ya pambo moja tu, nunueni mitandio inayofanana. Hiyo huonekana juu ya sweta.

6. Kigeuzeni kitambaa

Muuzaji akisema "hiki wax halisi", msibishane naye. Kigeuzeni. Wax ya kweli rangi huzama, mbele na nyuma zikakaribia kulingana. Ya kuchapwa upande mmoja hupauka mgongoni. Hiyo ya pili si dhambi, ni suala la bei tu, mradi usilipishwe ya kwanza.

Na mkisifia kitenge "cha Kongo", someni maandishi ya ukingoni kabla ya kuapa. Kigoma nzima inajulikana kwa vitenge, na vingi kweli huvuka ziwa, ila kuvuka ziwa si kuzaliwa ng'ambo. Hata ukoo wa kitambaa chenyewe una safari: Waholanzi waliiga batiki za Java kwa mashine, kampuni ya Vlisco ikaanzishwa Helmond mwaka 1846, Afrika ikazipenda kuliko Java, na siku hizi China inachapa kwa wingi na kwa bei nafuu. Kitenge cha shangazi kimesafiri kuliko mbunge.

5. Kisomeni kabla hakijawasoma

Kanga ina jina, na jina lina meno. Upande wa bwana harusi usipeleke kwa mama mkwe kanga iliyochaguliwa kwa maua yake, halafu akaifungua mbele za watu ikasema "Mwenye wivu ajinyonge". Mtamaliza mwaka mkieleza.

Kitenge hakina maneno, lakini kina siasa. Kijani na njano vikikutana kwenye kitambaa kimoja, hasa mwaka wa uchaguzi, harusi inageuka mkutano wa hadhara, na mjomba wa upinzani atafika amevaa suti ya kijivu kwa makusudi. Mkizipenda rangi hizo, ongezeni zambarau. Hakuna mjomba anayesusia zambarau.

4. Msishindane na Burundi

Ukioa au kuolewa kwenye familia yenye ndugu ng'ambo, na huku jirani na mipaka ya Manyovu na Mabamba nani hana, jua kwamba watakuja. Lugha hamtapotezana, Kiha na Kirundi ni majirani wa ukuta mmoja. Tatizo ni kwamba shangazi zao watakuja na imvutano: nguo nyepesi, moja kiunoni, nyingine imefungwa begani, wanatembea polepole kama watu ambao hawajawahi kudaiwa. Kitenge chochote mtakachochagua kitaonekana kama sare ya mkutano wa ushirika. Wapangeni viti vya mbele, wapigwe picha nyingi, nanyi mkajifariji kwa muziki. MC akiweka wimbo wa Leka Dutigite, vumbi litasawazisha mavazi yote.

3. Kitambaa kimoja, mishono mingi

Fundi cherehani ni mtu wa imani. Anaamini kwamba Jumamosi haitafika. Mpelekeeni kitambaa mapema, na tarehe mnayomtajia iwe ya kabla ya harusi kwa wiki nzima, maana yeye pia ana kamati nyingine inayomdanganya.

Kisha, kwa jina la amani, msilazimishe mshono mmoja. Mshono wa kubana kutoka kifuani hadi magotini humpendeza binti wa chuo, humfunga mama mkubwa anayetakiwa kupanda lori. Pisi ya yadi 6, karibu mita 5 na nusu, hutoa gauni la mke na shati la mume, ilimradi mume hajaota kitambi cha uenyekiti. Waskoti wale wale hutumia yadi 8 za sufu kwa kilti moja rasmi ya mtu mmoja, ndiyo maana wengi wao huikodi siku ya harusi. Bwana harusi wetu aliyekodi suti asicheke.

2. Mhazini awe Mionvu

Mwaka 1871 Stanley alipita Buha akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Akakutana na mkuu mmoja aliyeitwa Mionvu, aliyemtaka alipe hongo ya njia kwa doti za nguo. Mzungu akalia bei, Mionvu hakumhurumia. Alipolipa na kusonga mbele akaambiwa wakuu wengine wanamngoja, naye akaona heri atoroke na msafara wake usiku, kupitia msituni.

Huyo ndiye mtu mnayemtaka dukani: anayejua kuhesabu doti, asiyetishwa na kilio, ambaye muuzaji akimwona huona heri afunge duka. Swali lake la kwanza lisiwe bei, liwe "zipo pisi ngapi za hii hii?" Kamati nyingi hupenda kitenge kwanza, kisha zikakuta zimebaki pisi kumi na mbili na ukoo una watu themanini. Hapo ndipo huzaliwa ule utaratibu wa "waliobaki wavae chochote cha kufanana", yaani ukoo umepasuliwa na stoo ya duka.

1. Bei ya shangazi

Sasa ile isiyosameheka. Kabla hamjapiga kura ya rangi, mtajeni ndugu yenu mwenye kipato kidogo kuliko wote. Si kwa sauti. Yule shangazi wa kijijini anayeuza mihogo mnadani, aliyemlea bwana harusi wakati mama yake anaumwa. Kitenge ambacho yeye hawezi kukinunua si sare ya ukoo, ni sare ya wenye mishahara. Asipokipata atasema mguu unauma, atabaki nyumbani, na siku ya harusi watu watauliza nani anajua kumpokea bibi harusi kwa Kiha, kisha wataangaliana.

Dawa ipo na ni rahisi. Chagueni cha bei anayoiweza, au toeni kwenye mchango pisi chache za wazee, zipelekwe mapema na mtu mmoja asiyejua kusimulia. Kitenge huwa cha ukoo baadaye, kikishavaliwa kanisani, msikitini, msibani, kliniki na mnadani, watu wakasema "hawa ni wa nyumba ile". Kilichovaliwa na wachache mara moja hakifiki huko.

Na kamati ikikwama kati ya vitenge viwili, chukueni cha bei ndogo, tofauti iongezwe kwenye nyama. Buha haijawahi kumwona mgeni aliyerudi nyumbani akilalamika kwamba pilau lilikuwa na nyama nyingi kuliko nakshi za sare.