Mjomba Yuko Mjini

Novemba ikifika, vyuo vikuu vikianza mahafali, wenzangu huona majoho, keki na mashada ya maua ya plastiki. Mimi huona simu yangu ikijaa. "Shikamoo mjomba. Nimekutumia sivii yangu, naomba uniangalizie." Niangalizie wapi, hakuna anayesema. Mimi ni karani wa masjala. Napokea barua, nazigonga muhuri, naziandika kwenye rejista, nazipeleka ghorofani kwa wanaoamua. Ofisini kwetu sina kauli hata juu ya kiyoyozi kuwashwa au kuzimwa. Lakini kijijini wanachojua ni kwamba mjomba yuko mjini na anachomekea shati, kwa hiyo nafasi za kazi anazo kabatini. Anachokosa ni roho ya kuzitoa.

Nimejaribu kueleza. Nilimwambia dada yangu kwamba kazi za serikali siku hizi zinaombwa kwenye mtandao wa Sekretarieti ya Ajira. Kijana anajisajili mwenyewe, anapakia vyeti, anasubiri kuitwa kwenye usaili. Hakuna mjomba hapo katikati. Dada alinisikiliza vizuri mpaka nikamaliza, akashusha pumzi.

"Sawa kaka, nimekuelewa. Sasa huko kwenye huo mtandao unamjua nani?"

Nikasirike, nisikasirike? Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, yakaja maombi zaidi ya 135,000. Gawanya mwenyewe uone kila kiti kimoja kinakodolewa macho na watu wangapi. Na wenye umri wangu hatujasahau mwaka 2014, Idara ya Uhamiaji ilipokuwa na nafasi 70 na waliojitokeza kwenye usaili wakazidi 10,000, ikabidi wapelekwe Uwanja wa Taifa. Majukwaa yalijaa na siku hiyo hakukuwa na Simba wala Yanga. Mzazi aliyeyaona hayo haanzi na sifa za mwombaji. Anaanza na mjomba.

Basi, kwa kuwa kazi sina, huwa natoa ushauri. Na hapo nina washindani wengi. Mpwa wangu alipomaliza shahada yake ya uongozi wa biashara, tulimkalisha sebuleni kwangu Tabata, kila mtu mzima akamshauri kwa zamu. Baba mdogo alisema arudi chuo asome shahada ya pili, bila kutaja ada inatoka wapi. Shangazi alisema aanze kwa kujitolea mahali, "wakimzoea watamchukua." Walimzoea kweli. Ofisi moja ilimzoea mwaka mzima, akawa anafungua asubuhi na kufunga jioni, mpaka wateja wakadhani yeye ndiye mwenye ofisi. Nafasi ilipotoka, tangazo lilitaka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitatu.

Aliyenichosha zaidi ni shemeji, mtu wa matikiti maji. Aliomba kalamu na karatasi. Ekari moja ina mashina kadhaa, kila shina tuseme linatoa matunda mawili tu, "nimekuwekea machache makusudi," kila tunda shilingi 2,000, zidisha. Kufika chini ya ukurasa kijana alikuwa na gari. Kwenye karatasi ile hakukuwa na inzi wa matunda, mvua ya mawe wala dalali wa Ilala anayekusubiri mzigo uanze kuoza ndipo ataje bei. Nikamuuliza shemeji yeye amelima ekari ngapi. Akasema yeye kazi inambana. Shemeji ni mwajiriwa, mwezi ukiisha benki inapiga mlio, na mwezi ukichelewa kuisha anakuja kwangu kukopa. Nimewachunguza sana hawa wahubiri wa kujiajiri. Kila anayewaambia vijana "changamkieni fursa" ana bima ya afya inayolipwa na mwajiri.

Mtaji nao? Benki inataka dhamana, na dhamana ya mhitimu ni cheti kilicholaminishwa. Halmashauri inatenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vijana, jambo zuri kabisa, ila ni lazima muwe kikundi chenye katiba. Mpwa wangu akatafuta wenzake, kikundi kikapatikana, katiba ikaandikwa, wakagombana kuhusu nani awe mweka hazina wa fedha ambazo hazijaja.

Hatimaye alipata kazi, kampuni binafsi, shilingi 500,000 kwa mwezi. Dada alipiga vigelegele vilivyosikika mpaka kwa mjumbe. Kabla ya mwezi kwisha ukoo ulikuwa umeshazigawa: mabati ya bibi, ada ya mdogo wake, mchango wa harusi ya binamu. Sikutaka kuwaharibia furaha kwa kuwaambia kwamba tangu Julai 2025 hiyo 500,000 ndiyo kima cha chini cha mshahara serikalini.

Mwisho wa mwezi kijana alikuja kwangu na hati ya mshahara, akaiweka mezani bila kusema neno. Tukaisoma pamoja. NSSF, asilimia 10: 50,000. Kodi ya mapato: 14,400. Halafu Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara: 75,000. Mkononi 360,600.

"Mjomba, hii 75,000 ni ya nini?"

"Ni bumu lako, mwanangu. Ulilifurahia chuoni. Ile simu uliyonunua mwaka wa kwanza, iko hapo."

Akaniangalia kama mimi ndiye niliyemkopesha. Nikamweleza kwamba ana bahati, waliomtangulia walikuwa wanaongezewa asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya deni mpaka ilipofutwa mwaka 2021. Bahati hiyo haikumgusa. Alikuwa anapiga hesabu ya chumba Kimara, ambako mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na akigundua una ajira anaongeza na ya umeme.

Wiki iliyopita dada amenipigia tena. Nikajua ni mabati. Kumbe ni mdogo wake yule kijana, binti, anamaliza stashahada mwaka huu. Nikauliza anasomea nini.

"Utunzaji wa kumbukumbu. Mambo hayohayo yako ya masjala."

Nikampongeza, nikaanza kueleza habari za mtandao, kujisajili, kupakia vyeti. Akanikatiza kwa upole sana.

"Hayo nayajua kaka. Nilikuwa nauliza tu, si nasikia mtu akifikisha miaka 55 anaruhusiwa kustaafu kwa hiari?"