Utukufu wa Vumbi, Mwasisi wa Kabati la Vioo

Miongoni mwa wote wanaohusika na ujenzi wa kabati la nyumbani la kuonyeshea sanamu ndogo za michezo ya mezani, yaani zile sanamu za askari, mazimwi na mashujaa zenye kimo cha takriban milimita 28 hadi 32 ambazo wachezaji huzisogeza mezani kwa kufuata kanuni na kurusha dadu, hakuna aliyedhulumiwa sifa zake kama vumbi. Seremala hulipwa, muuza vioo hushukuriwa, mwenye kabati hupongezwa na wageni, na hata bawaba husifiwa kwa kufunguka bila kulia. Lakini vumbi, ambalo lisingekuwapo pasingekuwa na sababu ya watu hao kukutana, hufukuzwa kwa brashi. Makala haya yanakusudia kulirudishia haki yake.

Nasaba yake ni njema. Vumbi la nyumbani ni mchanganyiko wa nyuzi za nguo na mazulia, nywele, masizi, chembe za udongo ulioingia na viatu, na ngozi iliyokufa ya wakazi wenyewe, kiasi kwamba anayelilaani hulaani kwa sehemu mwili wake mwenyewe, na pengine wa mkewe. Kuhusu subira, Ayubu peke yake ndiye anayeweza kushindanishwa nalo, kwa kuwa chembe yenye kipenyo cha maikromita 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, hushuka katika hewa tulivu kwa mwendo wa takriban milimita 3 kwa sekunde, ilhali ile ya maikromita 1 huhitaji karibu saa nzima kushuka sentimita 10 tu. Mgeni anayekuja kwa adabu kama hiyo, bila kubisha hodi na bila kudai chakula, angepaswa kupokewa vizuri zaidi.

Historia nayo inaonyesha kwamba vumbi halikuvamia mchezo huu, bali lilingoja hadi lilipoandaliwa mahali pa kukaa. H. G. Wells alipochapisha kitabu chake cha kanuni za vita vya sanamu, Little Wars, mwaka 1913, askari wa madini ya risasi walipigana sakafuni na kuangushwa kwa mizinga midogo ya springi, na askari anayeangushwa kila mara hampi mtu nafasi ya kutua begani mwake. Mambo yalibadilika baada ya mchezo wa Dungeons & Dragons kutolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Games Workshop kuanzishwa nchini Uingereza mwaka 1975, kampuni ambayo mwaka 1983 ilitoa mchezo wa Warhammer na mwaka 1987 ikaanzisha Golden Demon, mashindano ya kupaka sanamu rangi. Tangu hapo sanamu ikawa kazi ya sanaa inayoweza kumaliza majuma ya mwenyewe, macho yakiwa yamebanwa kwenye kioo cha kukuzia, na kazi ya sanaa, tofauti na askari wa Wells, husimama ikitazamwa. Vumbi likapata kiti.

Hapa ndipo sifa yake kuu inapojitokeza, nayo ni ukweli. Jeshi linalopelekwa mezani kila wiki hukung'utwa, hushikwa na hugombewa, kwa hiyo halikusanyi vumbi la kutosha kuonekana. Jeshi ambalo mwenyewe husema atalichezea nafasi ikipatikana huvaa kijivu haba na haba, na rangi hiyo humweleza kila aingiaye chumbani jambo ambalo mdomo wa mwenye jeshi umelificha. Hakuna rafiki anayeweza kutoa taarifa hiyo bila kugombana naye. Vumbi pia halibagui: hulala kwa unene uleule juu ya sanamu iliyotwaa tuzo na juu ya zimwi la kwanza la mwanafunzi, lililopakwa rangi nzito hadi macho yakaziba, jambo ambalo majaji wa mashindano hawajawahi kulifanya. Tena halijavunja mkuki hata mmoja. Mikuki, pembe na ncha za mabawa huvunjwa na mkono unaokuja kulipangusa, kisha lawama ikaandikwa kwa aliyepanguswa.

Uwezo wake wa kufundisha, hata hivyo, ndio unaostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa anayejenga kabati bila kulisikiliza hujenga sanduku tu. Watu wengi huanza na kabati la dukani, na kwa miaka mingi lililopendwa zaidi na wenye sanamu lilikuwa Detolf la IKEA, mnara wa vioo wenye kimo cha takriban sentimita 163 na ngazi nne tu, ambazo zinafaa vyungu vya maua lakini huacha juu ya askari wa sentimita tatu hewa tupu ya kumtosha twiga. Kwa hiyo mwenye kabati huongeza rafu za katikati, kisha hugundua kwamba mlango una mwanya pembeni, na vumbi limeshaupata kabla yake. Hununua ukanda wa sponji wa kuzibia milango na kudhani kwamba vita vimekwisha.

Havijaisha, kwa sababu kabati hupumua. Hewa ya ndani inapopata joto hutanuka na kutoka kupitia kila mwanya, na inapopoa husinyaa na kuvuta hewa ya nje pamoja na abiria wake; wataalamu wa makumbusho huipima pumzi hiyo kwa kiasi cha hewa kinachobadilishwa kwa siku, na kwao kabati lililozibwa vyema hubadilisha sehemu moja ya kumi tu ya hewa yake. Sasa mwenye sanamu, kwa kutaka wageni waone kila kishikizo cha koti, hufunga taa za LED pamoja na adapta yake humo humo ndani, akiziwasha jioni na kuzizima usiku, na hivyo huliundia kabati mapafu kwa gharama yake mwenyewe. Akitumia akriliki, yaani plastiki ngumu iliyo angavu kama kioo, huisugua kwa kitambaa kikavu ili ing'ae, na msuguano huo huipa umeme tuli unaoliita vumbi lirudi. Ni nadra kupata mpinzani anayesaidiwa hivi na anayempinga.

Mwishowe hukasirika na kuziba kila tundu kwa silikoni, na hapo vumbi huonekana kuwa mlinzi aliyefukuzwa kazi. Baadhi ya mbao, hasa za mwaloni, hutoa mvuke wa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi ya siki, na mvuke huo ukifungiwa na sanamu za zamani zenye risasi nyingi huigeuza metali kuwa unga mweupe wa kaboneti ya risasi, ugonjwa ambao hula askari hadi mifupa. Mwanya ulioliruhusu vumbi kuingia ndio ulioiruhusu asidi kutoka. Fundi aliyeelewa somo hili hutumia vioo na metali badala ya mwaloni, huweka adapta nje, na badala ya kuziba kila mahali huacha tundu moja la makusudi lililofunikwa kwa kichujio, ili kabati linapopumua livute hewa kupitia hapo. Naye ataona kwamba kila uamuzi mwema katika kabati lake ulitokana na yule aliyekusudia kumzuia.

Kwa hiyo si haki vumbi lifungiwe nje kabisa. Mwenye kabati anaombwa aache rafu moja wazi, nje ya vioo, kwa ajili ya lile jeshi analodai kwamba bado analichezea, na baada ya mwezi asome taarifa itakayokuwa imeandikwa juu yake.