Ngoja Wageni Waondoke

Vitabu vya sarufi vinatuambia kwamba chapa, tandika, charaza na kung'uta ni visawe. Aliyeandika hivyo hakulelewa na mama yangu. Kwa mama, kila kitenzi kilikuwa na uzito wake, na sisi watoto tuliusoma kama wavuvi wanavyosoma mawingu. "Nitakuchapa" ilikuwa taarifa tu. Ingeweza kuahirishwa mpaka jioni, na jioni ugali ukishaiva ikasahaulika. "Nitakutandika" ilimaanisha kandambili imeshatoka mguuni. "Nitakucharaza" ilidai ufito mwembamba na vigimbi vilivyo wazi, maana hicho ni kitenzi cha wapiga gitaa, kinataka kasi. "Nitakukung'uta" aliambiwa aliyerudi na vumbi la uwanjani, ili kazi mbili zifanyike kwa mpigo mmoja.

La kutisha kuliko yote halikuwa na kitenzi cha kupiga hata kimoja: "Wewe ngoja wageni waondoke."

Hatari ya kulelewa hivyo ni kwamba sikio huanza kukimbia kabla ya sentensi kwisha. Binamu yangu alikuja kwetu likizo, akavunja chupa ya chai ya shangazi siku ya kwanza, akaficha vipande uvunguni. Hakuna aliyejua. Usiku shangazi akamwona anasinzia kwenye mkeka, huruma ikamshika, akamwambia, "Usiondoke hapo mwanangu, nakuja kukutandikia." Mtoto mwenye dhamiri safi angesikia kitanda. Yeye alisikia "kukutandika", ile silabi ya mwisho ikamkuta yuko uani anapanda mpera. Shangazi akatoka na shuka mkononi kumtafuta. Gizani, shuka iliyokunjwa vizuri inafanana sana na mkanda. Binamu akakiri huko huko juu ya mti: chupa, vipande, na sukari ambayo hakuna aliyekuwa ameiulizia. Alipoteremka alitandikiwa, kisha akatandikwa, kwa mpangilio huo.

Shuleni mambo yalikuwa ya kitaaluma zaidi. Mwenzetu mmoja aliandika kwenye insha kwamba mwalimu wa zamu "alitutwanga fimbo". Mwalimu wa Kiswahili akapiga mstari mwekundu. Kinachotwangwa ni mpunga, alisema, au mtu kwa ngumi, au rafiki kwa simu. Fimbo huchapa, hucharaza, na ikibidi huwasha. Kofi huzabwa. Kibao hunaswa. Tukaomba mifano, na hapo ndipo tulipofanya ujinga, kwa sababu mwalimu huyo aliamini katika kufundisha kwa vitendo.

Siku hizi kanuni za elimu Tanzania zinasema viboko visizidi vinne, tena mpigaji awe mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Napenda jinsi karatasi ya serikali inavyomtaja kiboko bila kutabasamu. Mnyama mwenyewe alistaafu kazi hiyo zamani. Wakati wa Wajerumani kiboko kilikuwa kweli ngozi ya kiboko, iliyokatwa ukanda na kukaushwa, na wazee walikikumbuka kwa hesabu yake, hamsa ishirini, yaani mapigo ishirini na matano. Hapo hapakuwa na utani. Leo jina lile lile limebebeshwa tawi la mpera, na mtaani limekuwa sifa: fundi hodari ni kiboko, na mpishi wa pilau anayewashinda wenzake ni kiboko yao. Mkwaju nao umepanda cheo. Zamani mtu alikula mkwaju akalala kifudifudi. Sasa timu hutinga fainali kwa mikwaju ya penalti na watu wanashangilia.

Nimesema alikula, na hapa lugha yetu ina ukarimu wa ajabu. Anayepigwa hula: hula bakora, hula kichapo, hula mkong'oto, hulamba viboko. Sijawahi kumwona aliyeomba kuongezewa.

Kenya walifuta fimbo shuleni mwaka 2001, lakini kurasa zao za michezo bado zinacharaza, zinalima na kupepeta kila mwisho wa wiki. Kwetu pia mhariri wa michezo ndiye mrithi halali wa mama yangu, kwani naye hataki kurudia kitenzi. Ugomvi wangu naye ni wa vipimo tu. Bao moja, timu imelazwa. Mawili, imechapwa. Matatu, imetandikwa. Kuanzia manne kwenda juu ndipo tuzungumzie kufumuliwa na kuchakazwa. Juzi nimesoma timu "imefumuliwa" bao moja kwa bila, tena la kujifunga. Sasa ikija kufungwa matano mhariri atatumia nini?

Matano yapo, tusijifanye hatujayaona. Mwaka 2012 Simba waliipa Yanga matano bila majibu, na Novemba 5, 2023 Yanga wakalipa, matano kwa moja. Usiku huo wa 2023 jirani yangu, mtu wa Simba tangu tumboni, alivivumilia vitenzi vyote vilivyopita barazani: tulichapwa, tulitandikwa, tulikandwa. Yeye mwenyewe alikubali kimoja tu, cha heshima, kisicho na fimbo ndani yake. "Tulifungwa," alisema kwa sauti ya mtu mzima, "basi. Mpira ndivyo ulivyo, timu hufungwa."

Mwanawe mdogo, ambaye alikuwa amesinzia mechi nzima, akainua kichwa. "Baba, mlifungwa jela ya Segerea au ya Keko?"

Akaambiwa aende akalale. Mtoto akasimama, akapiga hatua mbili, akageuka kuuliza nani atamtandikia, na baraza zima likaitikia kwa pamoja: "Yanga!"