Kulungu Aliyeisikia Bismillahi

Wisconsin, Marekani, mwezi wa Novemba

Kwa mjomba wangu mpenzi, na jamaa wote wa barazani, Tanga.

Nakuarifu kuwa ile ngozi ya kulungu niliyokuahidi katika barua iliyopita, uifanye msala, itachelewa kidogo. Sababu ya kuchelewa ni ndefu, nami nakuomba uisome peke yako kwanza kabla hujaisoma kwa sauti mbele ya jamaa, kwa kuwa nawajua watu wa baraza ile.

Usidhani, mjomba, kwamba huku kila mwenye upinde huingia mwituni atakapo. Jimbo hili liliwawekea wapiga upinde msimu wao wa kulungu mwaka 1934, kabla ya majimbo mengine yote ya Marekani, na kanuni yake ni kwamba aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1973 hapewi leseni mpaka asomee uwindaji kwanza. Basi nikaketi darasani, mimi baba wa watoto watatu, pamoja na wanafunzi wa miaka kumi na miwili, na mmoja wao akanisahihisha mbele ya mwalimu.

Upinde wenyewe si kijiti na ugwe kama tuliokuwa tukichonga utotoni. Una kapi huku na huku kama jahazi, hekima iliyobuniwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri, aliyepewa hataza yake mwaka 1969. Ukiuvuta huu wangu unakushindania kwa uzito wa ratili 50, lakini ukifika mwisho wa mvuto kapi zile zinauchukua mzigo karibu wote, hata mtu dhaifu kama mimi akaweza kusimama nao umevutwa huku akitafakari. Miezi mitatu nilipiga shabaha ya povu gumu nyuma ya nyumba ya jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya kiwanda cha jibini, kwa hatua 25, mpaka ikawa kila mshale wakaa ubavuni mwa mwenziwe, na ghururi ikaniingia. Hapo ndipo nilipokuandikia ile barua ya ahadi.

Siku mbili za kwanza mwituni hazina la kusimulia ila moja. Mke wangu, aliyeona nguo zangu za kuwindia, zenye rangi ya majani makavu, zatoka dukani na harufu ya dukani, alizitandaza juu ya tenga akazifukiza udi, kama afanyavyo kanzu yangu ya Ijumaa, nami sikuyajua hayo mpaka nilipokwisha panda juu ya dungu la mtini, futi 18 kutoka chini, nimefungwa mkanda kiunoni, na upepo ukivuma kutoka mgongoni mwangu kuelekea msitu mzima. Hakuna mnyama aliyetokea siku ile, wala ya pili yake. Jirani alinihadithia, bila ya kucheka, habari za Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi, aliyetokea Oroville, California, mwaka 1911, akamfundisha tabibu wake Saxton Pope kazi ya upinde, na kwa njia hiyo akawa mwalimu wa wapiga upinde wengi wa nchi hii. Naye Ishi, akitaka kuwinda kulungu, hakuvuta tumbaku, akioga asubuhi, na siku ya kabla yake hakuonja samaki. Mimi usiku wa kabla nilikuwa nimekula samaki wa kupaka.

Siku ya tatu, nguo zimefuliwa kwa sabuni isiyo na harufu na upepo umegeuka, akatoka dume mwenye shingo nene, kama wawavyo mwezi huu wa kutafuta majike, akaja polepole mpaka hatua 25 kamili, akanipa ubavu. Nikavuta. Moyo ulinipiga kama ngoma ya mdundiko, lakini mkono ulitulia. Nami, nikikumbuka kwamba jina la Mungu hutajwa wakati wa kufyatua mshale wa windo, nikalitaja kwa sauti ile ile ya mchinjaji wetu siku ya Idi Kubwa. Kulungu akainua kichwa, akanielekezea masikio yote mawili. Nami nikafyatua.

Mjomba, yule mnyama alichutama. Naapa, tumbo lilikaribia majani, mshale ukapita pale mgongo ulipokuwa, kisha akaruka akatoweka, ule mkia wake mweupe umesimama kama bendera ya kuaga. Tuliukuta mshale umechomeka ardhini, mkavu, hauna unywele wala tone la damu, na jirani akauviringisha vidoleni akasema kuwa hiyo ndiyo kheri ya pili kwa ubora, maana aliyekoswa amekwenda zake mzima, ambapo aliyejeruhiwa angetupa kazi ya kumtafuta mpaka usiku.

Kisha akanifahamisha kwamba kulungu haukwepi mshale kwa ujanja; akishtuka hukunja miguu apate kuruka, kama akunjavyo kila arukaye, na katika kukunja ndipo mgongo unaposhuka. Mshale wangu huenda kiasi cha mita 80 kwa sekunde, ambapo sauti huenda mita 340, kwa hiyo mlio wa ugwe humfikia kabla ya chuma, na aliyekwisha tahadhari hapotezi nafasi hiyo. Aliyeinamisha kichwa akila, mpige; aliyekutegea masikio, mwache, au ulenge chini ya moyo. "Shabaha yako ya povu," akasema, na hapo ndipo alipocheka, "haina masikio."

Nikakumbuka nilipogonga kafi ubavuni mwa ngalawa yako, nilipokuwa na miaka tisa, changu wakatawanyika, ukanizaba kofi ambalo nililiona ni dhuluma kwa muda wa miaka thelathini. Nakurudishia haki yako.

Basi sasa nafanya mazoezi juu ya dungu, wala si kwa kusimama uwanjani, na ugwe nimeufunga vishada vya mpira upunguze mlio. Limebaki moja, nawe niulizie kwa shekhe: najua kuwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi kulitaja jina la Mungu wakati wa kufyatua ni sunna, nami siipendi kuiacha, lakini je, yatosha kunong'ona? Jibu nitumie kwa simu ya binti yako, usingoje posta, maana msimu haungoji mtu, na msala wako ulionekana jana jioni nyuma ya nyumba ya jirani, ukila matofaa yake.