Barua ya Wazi kwa Mahakimu, Yahusu Pombe Iliyompiga Mama

Waheshimiwa Mahakimu wa Mahakama za Mwanzo na za Wilaya, Tanzania,

YAH: PONGEZI KWA HURUMA YENU KWA WALEVI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 14, inasema ulevi si utetezi. Wanaosalimika ni wachache: aliyeleweshwa na mwingine bila ridhaa yake, au yule ambaye pombe imemfikisha kwenye wazimu. Tena pale kosa linapodai nia, mahakama huuzingatia ulevi katika kupima kama mlevi alikuwa nayo. Wengine wote mlango umefungwa. Nawapongeza wale miongoni mwenu wanaoufunga kwa kitasa asubuhi, kisha ikifika saa sita wakafungua dirisha.

Dirisha hilo hufunguka mshtakiwa akishatiwa hatiani na kuulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu. Sisi wa mabenchi ya nyuma maneno tumeshayakariri: mheshimiwa, ni kosa langu la kwanza, ilikuwa pombe, nina mke na watoto wananitegemea. Mke mwenyewe yupo palepale, mkono umefungwa P.O.P. Aliyevunjwa mkono ndiye anayetajwa kuwa sababu ya kumhurumia aliyeuvunja! Hata mawakili wa mjini hawajafika huko.

Nimeichunguza pombe hii inayobebeshwa lawama, na napenda kuiarifu mahakama kwamba ina nidhamu ya hali ya juu. Haimgusi mwenye grosari, maana ana miraba minne. Njiani ikikutana na askari wa doria inampa shikamoo afande. Inampita mjumbe kwa adabu, inampita mwenye nyumba anayedai kodi, inavuka mtaro bila kutumbukia, inapapasa komeo mpaka inalipata. Ikishaingia chumbani ndipo ghafla inampotezea mtu akili, ila akili hiyo iliyopotea hukumbuka kwanza kuongeza sauti ya redio.

Jambo moja tu linanichanganya. Mtu huyohuyo, kwa bia zilezile, akishika usukani, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamhesabia ulevi kuwa kosa lenyewe, hata kama hajamgonga hata kuku. Akishika mpini wa jembe nyumbani kwake, bia zinageuka shufaa. Nashauri wake zetu wafungiwe namba za usajili, labda watapata ulinzi wanaopewa watumiaji wengine wa barabara.

Mtaniambia ipo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kifungu chake cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme itakavyo. Kweli ipo. Lakini haikutaja bia.

Shambulio la kudhuru mwili limepangiwa kifungo cha hadi miaka mitano, na mara nyingine huruma huishia kwenye faini. Hapo hesabu inakuwa tamu. Mume katoka mahabusu mfuko mtupu, kwa hiyo mke anakopa kwenye kikoba ili baba watoto asilale ndani. Pesa inaingia serikalini. Mama anarudi nyumbani na nakala ya PF3 iliyokunjika, deni la kikoba, na mume aliyekasirika kwa kuaibishwa mahakamani. Mamlaka ya kuamuru aliyeumizwa alipwe fidia mnayo, imo katika sheria. Naelewa, kuandika sentensi moja zaidi mwisho wa siku kunachosha.

Ombi langu ni dogo. Tutangazieni bei, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa mahakama: bia ngapi zinapunguza miezi mingapi, na kama pombe kali inahesabiwa mara mbili. Wa kipato cha chini wasibaguliwe. Viroba walishanyang'anywa tangu Machi 2017, basi gongo nayo ipokelewe, ingawa ni haramu. Na asiyekunywa aambiwe mapema kwamba akipiga mtu na akili zake timamu atalipa bei kamili.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkaa Benchi la Nyuma

Nakala:
Mwenye grosari, kwa taarifa.
Mama mwenye P.O.P., akishamaliza kulipa kikoba.