Sifa za Injini Iliyonoki

Tangu injini ya IST yangu inoki pale Kimara, nimekuwa mtu wa kuheshimika. Zamani nikipita gereji napiga honi tu. Siku hizi nina stuli yangu chini ya mwembe, mafundi wananiamkia, na mama ntilie anajua kwamba maharage ya nazi siyagusi. Gari zima halijawahi kumpa mwenyewe hadhi ya namna hii.

Kwanza, ina uvumilivu. Siku tatu nzima taa nyekundu ya joto ilikuwa inaniwakia, nami naongeza maji ya bomba kwenye rejeta inayovuja, safari inaendelea. Haikunitukana. Ilichemsha kwa adabu, ikagonga mara mbili tatu kama mgeni anayebisha hodi, kisha ikanyamaza. Nilipofungua kifuniko cha oili nikakuta chai ya maziwa, imekosa iliki tu.

Ina hekima pia. Fundi wangu alitaka tuifungue, hedi ikachongwe, tubadilishe gasketi, ringi na beringi, tufunge. Fundi wa jirani akasema, "Mzee, utatupa hela, kachukue injini ya Japani Shauri Moyo." Nikawa hakimu kati ya mawakili wawili, wote walipwaji wangu. Injini ndiyo iliyotoa hukumu. Hedi ilikuwa imepinda. Hilo lina dawa. Lakini kwenye silinda ya tatu ukipitisha ukucha unanasa. Ingekuwa 5A ya Corolla za zamani, bloku ya chuma, wangechonga silinda na kuweka pistoni za saizi ya juu. Hii ni 1NZ: bloku ya alumini, silivu za chuma nyembamba ambazo Toyota haikuzikusudia zichongwe. Mkwaruzo mmoja, kesi kwisha. Silinda zingekuwa safi na kranki haijaliwa, ningeifufua bila kusita, maana hii ugonjwa wake naujua. Ya dukani sijui ilikougulia.

Na ukitaka kuthamini ukweli wa injini iliyokufa, nenda kaone zilizo hai Shauri Moyo. Zimepangwa kama samaki Feri, zimeoshwa zinang'aa, na zote, wallahi, zimetembea kidogo tu. Ya kwangu haijawahi kunidanganya hivyo. Ndiyo iliyonifundisha kuchungulia chini ya kifuniko cha oili kama kuna tope jeusi, kung'oa plagi nione rangi, kuzungusha puli kwa spana, na kudai kompresheni ipimwe silinda zote nne. Muuzaji alinipa garantii ya siku saba, kwa mdomo. Nilipoomba aiandike kwenye risiti, kalamu ikaishiwa wino. Nikatoa yangu.

Bei ya injini, kumbe, ni salamu tu. Mazungumzo yenyewe ni rejeta mpya (ukiifunga injini nyingine kwenye rejeta ile ile, utarudi kwenye stuli), pampu ya maji, mauntini, oili, kulenti, na ufundi. Halafu namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo TRA nako kunakuhusu. Nilijumlisha yote nyuma ya kalenda. Ikatoka chini ya nusu ya bei ambayo dalali angenipa kwa gari zima, nikasema sawa. Ingezidi nusu, ningepanda mwendokasi.

Marehemu nilimrudisha nyumbani kwa bajaji. Yuko uani, kuku ametaga mayai mawili kwenye silinda ile ile ya tatu. Juzi mnunuzi wa vyuma chakavu alisimamisha mkokoteni, akaigonga kwa nyundo.

"Chuma au alumini, mzee?"

"Alumini," nikamjibu. "Na haichongwi."

Mama Asha akatoka jikoni kuniuliza bado nasubiri nini, aipime kilo aondoke nayo. Nikamwambia kuku bado analalia.